Alama Moja kwa Bibi Shamba

Sura ya Nne

Fomu zilikuwa thelathini na mbili, na zote zilimsema vibaya Nikuze kwa mwandiko mmoja.

Inspekta Kemirembe alizipanga nne nne juu ya meza ya mkutano hadi meza ikajaa. Ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, katika ofisi za Ushirika wa Kahawa wa Rwamashonga, Kayanga. Kesho yake saa nne kamati ya ajira ingekaa katika chumba hikihiki na kumwondoa kazini Nikuze, bibi shamba wa Ihembe, kwa sababu wakulima wake mwenyewe walikuwa wamempa alama moja kati ya tano. Nikuze alikwenda polisi akasema fomu zimeghushiwa. Kughushi ni jinai, ndiyo maana mpelelezi wa wilaya alikuwa hapa akisoma mambo ya tathmini ya watumishi badala ya kufuatilia wezi wa ng'ombe, kazi ambayo angalau ina hewa safi.

Upande wa pili wa meza alisimama Kamugisha, mkuu wa huduma za ugani, mtu wa Muleba, suruali imenyooshwa pasi hadi unaogopa kuigusa.

"Mwandiko huu ni wa nani?" Kemirembe aliuliza.

"Wa wakulima, Afande."

"Wote thelathini na wawili wanaandika hivi?"

"Wengi hawaandiki. Humtafuta mtu wa kuwajazia, wao wanaweka dole gumba."

"Mtu gani?"

"Sijui. Mimi napeleka bahasha, nafuata bahasha. Inarudi imebandikwa gundi. Ni siri ya mkulima."

"Ulizipeleka mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa pikipiki."

"Na huyu binti aliyenipokea pale mlangoni, anayekuita mjomba, yuko hapa tangu lini?"

Kamugisha alirekebisha mkanda wa suruali ambao haukuwa na tatizo lolote. "Tangu Januari. Anajitolea."

"Huku akisubiri nini?"

"Nafasi ikipatikana."

"Kama ya Ihembe."

Kamugisha alikwenda kwenye kabati, akatoa jalada la kijani na kulisukuma mezani. "Kabla hujanifunga pingu, soma ukurasa wa pili."

Kemirembe alisoma. Ilikuwa tathmini ya Kamugisha mwenyewe juu ya Nikuze. Alikuwa amempa nne.

"Ningempa tano, ila ripoti zake huchelewa," Kamugisha alisema. "Sasa sikiliza. Alama zangu zina uzito wa asilimia ishirini, za wakulima themanini. Ukijumlisha anapata moja nukta sita. Mwaka jana alipata moja nukta saba. Mwongozo unasema chini ya mbili kwa miaka miwili mfululizo, mkataba hauongezwi. Sikuuandika mimi."

"Na anayepata nyingi?"

"Akifika tatu anaweza kuomba uhamisho. Akifika nne tunampandisha, anakwenda kusimamia wenzake kata nyingine. Waliomtangulia pale Ihembe, Dastan na Stephania, waliondoka hivyo. Kituo kile kilikuwa kinatoa watu wazuri kweli."

Kemirembe alirudi kwenye fomu. Maswali yalikuwa matano. Anafika shambani? Moja. Anafundisha mkaelewa? Moja. Anasaidia mimea ikiugua? Moja. Analeta habari za soko? Moja. Swali la tano lilihusu uaminifu na adabu, na mbele yake palikuwa peupe. Aliangalia fomu ya pili, ya tatu, ya kumi na tisa. Zote zilikuwa hivyohivyo.

"Hapa mbona hapajajazwa?"

"Kompyuta huruka nafasi tupu. Inakokotoa yaliyojazwa."

"Nakuuliza wewe, siulizi kompyuta. Watu thelathini na wawili wameruka swali moja. Hukushangaa?"

"Mfumo hauna mahali pa kushangaa, Afande."

Kemirembe alikaribia kucheka, akajizuia. Katika daftari lake aliandika: *Mtu akitaka kumharibia mwenzake huanza na uaminifu. Huyu ameliacha. Kwa nini?*

Nikuze alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mabuti ya shamba kwenye mfuko wa plastiki miguuni pake. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwenyeji wa Isingiro, upande wa Kyerwa. Aliposimama kusalimia, Kemirembe aliona viganja vyake: vigumu, vyenye weusi wa utomvu wa migomba usiotoka kwa sabuni.

"Kaa. Una muda gani Ihembe?"

"Miaka minne, Afande."

"Uligombana na wakulima?"

"Hapana. Yaani, sijui. Nilidhani tunaelewana."

"Baada ya alama za mwaka jana uliwauliza?"

"Fomu ni siri. Halafu niliona aibu. Nilipewa barua ya onyo, nikaiweka chini ya godoro nikaongeza bidii. Nikaanza kuzunguka mashambani hata Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo ulikuwa unakwenda nyumbani?"

Nikuze aliinamisha kichwa. "Nina mtoto wa miaka sita. Anakaa na mama yangu. Nimeomba uhamisho wa kwenda Isingiro mara mbili, mara zote wanasema alama hazitoshi. Nilimwona mara ya mwisho Pasaka. Aliniamkia shikamoo, akaenda kukaa mbali, kama anavyofanya akija mgeni."

Alisema hivyo bila machozi. Alikuwa amekwisha kuyalia mahali pengine, na hapa alikuwa anatoa taarifa tu. Kemirembe alionyesha kwa kalamu kifurushi cha majani makavu ya mgomba kilichochungulia kwenye mkoba.

"Hicho nini?"

"Akamwani, kahawa ya kutafuna. Kanifungia bibi mmoja Jumatatu. Kila mwezi ananipa vifurushi viwili."

"Bibi gani?"

"Avelina."

Kemirembe alirudi ndani, akaitafuta fomu namba saba. Avelina, kitongoji cha juu. Moja, moja, moja, moja, peupe. Chini yake dole gumba lilikuwa na mstari mweupe uliokata katikati, kovu la zamani. Aliichukua ile fomu, akasaini kwenye daftari la Kamugisha kwamba ameichukua, akawasha pikipiki ya kituo.

Kahawa ya kutafuna huchemshwa, ikakaushwa juani siku kadhaa, ikafungwa kwa mkono. Humpi mtu usiyempenda. Mgeni mbaya unampa maji, ukamtakia safari njema.

* * *

Njiani watu walimwambia kwamba wasiojua kuandika huandikiwa na katekista. Katika kigango cha Ihembe, kanisa dogo la kijiji, Katekista Cleophace alikuwa anagongomea mguu wa benchi. Kemirembe alimwomba daftari la wanaojiandaa kwa kipaimara. Alilifungua, akaliweka kando ya fomu namba saba. Herufi za *g* za pande zote mbili zilikuwa na mkia uleule wa kujikunja, wa watu waliofundishwa kuandika kwa kiboko.

"Hujaniuliza kwa nini nalinganisha," Kemirembe alisema.

Cleophace aliweka nyundo chini. "Nilijua mtu atakuja. Niliandika mimi."

"Kamugisha alikuahidi nini?"

"Nani? Yule wa pikipiki? Hakushuka hata kunisalimia. Niliandika walichosema wakulima, mmoja mmoja, uani kwa Avelina. Kila mtu akaweka dole lake. Mimi nilikuwa kalamu tu."

"Na swali la tano?"

Mzee alitazama pembeni. "Pale waligoma. Na mimi nisingeandika. Nani aseme yule binti ni mwizi au hana adabu? Kuna amri ya nane, Afande. Usimshuhudie jirani yako uongo."

"Na yale maswali manne ya kwanza?"

Cleophace alikuna kidevu kwa muda mrefu. "Yale," alisema, "tuliyajadili."

"Mkajadili nini?"

"Hilo muulize Avelina. Wazo lilikuwa lake, mimi nisimsemee."

Basi dhana juu ya Kamugisha ikafa hapohapo, pamoja na mpwa wake na pikipiki yake. Kemirembe aliisikitikia kidogo. Ilikuwa dhana nzuri, na mtu mwenye suruali ile alistahili kupelelezwa angalau hadi jioni.

* * *

Kibanja cha Avelina kilianzia mlangoni kwake: migomba mbele, mibuni katikati ya migomba, na chini matandazo mazito kiasi kwamba hatua za mpelelezi hazikusikika. Mwenyewe alikuwa anamenya ebitoke, ndizi za kupika, kwenye ubao, bibi wa miaka sabini hivi, mkavu, mwepesi wa mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Jembe hilo lisogeze ukae."

Alileta kwanza kikapu kidogo cha akamwani. Kemirembe alichukua punje mbili, akatafuna. Mkono uliompa kikapu ulikuwa na kovu jeupe kwenye dole gumba, limekata katikati.

"Kisu cha ndizi?" Kemirembe aliuliza.

"Nilikuwa msichana. Nilikuwa namenya huku namwangalia mwanamume anapita." Avelina alicheka. "Nikaolewa naye, basi si hasara."

Kemirembe alisimama akazunguka mibuni. Matawi yalikuwa yamepunguzwa vizuri, machipukizi ya chini yameondolewa. Matandazo yalizunguka kila shina lakini hayakuligusa. Yaliacha nafasi ya viganja viwili, shina hadi shina, bila kukosea.

"Nani amekufundisha kuacha nafasi hii?"

"Hakuna mtu. Najua tu."

"Bibi shamba hakufundishi?"

"Yule? Haji hata."

"Kwa nini unaiacha, basi?"

"Shina likifunikwa linapata unyevu. Likipata unyevu linaoza, wadudu wanaingia. Kwa hiyo viganja viwili, akina mama, viganja viwili, na wenye viganja vikubwa msituonee..." Kisu kilisimama juu ya ndizi.

"'Akina mama' nani?" Kemirembe aliuliza taratibu. "Hapa tupo wawili."

Bibi aliokota ganda, akalitupa kando.

Kemirembe alirudi kuketi. Alitoa fomu namba saba, akaiweka juu ya ubao wa kumenyea. "Jumatatu ulimfungia akamwani vifurushi viwili. Wiki iliyotangulia ulimpa alama moja. Bibi, mimi si wa ushirika, ni polisi. Sina haja ya kumpandisha mtu wala kumshusha. Nataka kujua tu."

Avelina alifuta mikono kwenye kanga. Aliitazama ile fomu kwa muda, ingawa hakuwa anaisoma.

"Alikuja Dastan," alisema. "Kijana mzuri. Walipotuuliza tukampa tano, tena tukapiga makofi. Baada ya wiki tatu gari likaja kumchukua. Wakamleta Stephania. Huyo alikuwa analala hapahapa mvua ikimkuta. Tukampa tano, maana tulikuwa bado hatujajifunza. Aliondoka Jumatatu, sisi tukiwa msibani. Tuliporudi, funguo zake ziko kwa mwenyekiti. Hakuna aliyeagana naye. Mpaka leo nikisikia pikipiki pale kona natoka nje kutazama kama ni yeye."

"Halafu?"

"Halafu miaka miwili bila mtu. Mnyauko ukaingia kwenye kahawa. Hatukujua ni nini, tukawa tunang'oa mti mmoja, kisu kilekile tunakatia mwingine. Nilichoma mibuni sitini aliyopanda mume wangu. Yeye alikuwa amekwisha kufa, nikamwona kama anakufa tena." Alivuta pumzi. "Ndipo akaja Nikuze. Hii yote unayoiona alipanda pamoja nasi, kwa mikono yake. Mwaka jana wakaleta fomu, mara ya kwanza tangu aje. Nikawaambia wenzangu, safari hii tusiwe wajinga. Tukimsifu watamtamani. Tumseme vibaya kidogo. Tukasema, akabaki! Mwaka huu tukaona tukaze."

Kuku mmoja alikuja akadonoa maganda. Hakuna aliyemfukuza.

"Mwongozo una kifungu kingine," Kemirembe alisema. "Akipata alama mbaya miaka miwili mfululizo, anafukuzwa kazi. Kamati inakaa kesho saa nne."

"Anafukuzwa na nani?"

"Na ninyi, bibi."

Avelina aliinuka kana kwamba anataka kwenda mahali, asijue wapi, akaketi tena. "Hakutuambia," alisema. "Mwaka mzima. Amekula hapa, hakutuambia."

"Na ninyi hamkumwambia."

"Tungemwambiaje? Kwamba tunamzuia?"

Kemirembe alikuwa amehamishwa vituo vitano katika miaka kumi na nane, na kila mara alifunga sanduku lake mwenyewe na kukabidhi funguo kwa karani. Katika vituo vyote hivyo hakuna mtu hata mmoja aliyemsema vibaya ili asiondoke. Jambo hilo lilimuuma, pale kwenye kiti cha bibi, kuliko alivyotarajia. Alifungua daftari la maelezo kwenye ukurasa mpya.

"Hapa hakuna kughushi," alisema. "Naweza kufunga jalada na kuondoka. Lakini ukinipa maelezo ya kweli, nitayafikisha mbele ya kamati kesho, na hawawezi kuyapita. Nikuze atabaki na kazi. Ila lazima ujue na hili. Kwa alama zake za kweli, uhamisho wake utapita. Amekwisha kuomba."

"Ameomba kuondoka?"

"Mara mbili."

Habari hiyo ilimchoma bibi, na hakuficha. "Kwetu alikosa nini?"

"Hakukosa kitu kwenu. Ana mtoto Isingiro, wa miaka sita. Analelewa na bibi yake. Mama akifika, mtoto anamwamkia kama mgeni."

Avelina alitazama kikapu cha akamwani, akakisogeza kidogo, akakirudisha.

"Huomba vifurushi viwili," alisema mwishowe. "Nilikuwa namtania, wewe binti unatafuna kama mzee. Kumbe kimoja ni cha mama yake." Alitikisa kichwa. "Na Jumamosi. Tulifurahi alipoanza kuja Jumamosi. Tulikuwa tunakula siku za mtoto."

"Hamkujua."

"Hatukuuliza." Alivuta kiti karibu. "Andika."

Kemirembe aliandika. Jina, umri, kitongoji. Ameapishwa akaapa. Aliandika habari za Dastan, za Stephania, za mibuni sitini, za uani na za kalamu ya katekista. Alipofika mwisho aliuliza swali alilolitayarisha tangu ofisini.

"Ungeulizwa leo, mbele ya Mungu, maswali yote matano, ungempa ngapi?"

"Tano."

"Yote?"

"Yote. Na lile la adabu waongeze kama wana nafasi."

Kemirembe alimsomea maelezo yote kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka, kisha akafungua kidau cha wino na kumsogezea. Avelina alichovya dole gumba, akaliweka kwenye karatasi. Kidole kiliteleza, alama ikavurugika, kovu halikuonekana.

"Haisomeki, bibi. Itabidi urudie."

"Mara ya pili?"

"Nisamehe. Ndivyo ilivyo."

Avelina alichovya tena. Safari hii alikishika kile kidole kwa mkono wa pili, akakikandamiza. Alipokitoa, mistari ilikuwa wazi, na kovu limepita katikati yake.

Kemirembe alipuliza wino ukauke, akaanza kufunga daftari. Bibi alimshika mkono kwa vidole vyenye wino.

"Liandike na hili."

"Lipi?"

"Kwamba aje kuaga. Asiondoke Jumatatu tukiwa hatupo. Aje na huyo mtoto, tumwone."

Hakukuwa na swali lolote katika utaratibu wa polisi lililohitaji jibu hilo. Kemirembe alifungua daftari na kuandika chini ya alama ya kidole: *Naomba aje kuaga, aje na mtoto.* Akamsomea. Avelina alisikiliza hadi neno la mwisho, akachovya dole kwa mara ya tatu bila kuambiwa, akaliweka pale chini.